Mahari Imebadirika, Maelezo Yako Kwenye Grupu

Nyie watu wa "si niliweka kwenye grupu" mnanichosha. Mtu anakuuliza mazishi ni saa ngapi, unamjibu si niliweka kwenye grupu. Mama yako mdogo anauliza kama dada yako kajifungua salama, unamjibu picha ziko kwenye grupu. Na asiyekuwemo je? Hapo unapandisha mabega, unasema anunue simu. Simu anayo. Inapiga, inapokea, na inatoa picha safi kuliko hiyo yako iliyopasuka kioo. Kaa hapo nikupe habari za Mzee Yunus wa Nyakato, Mwanza, halafu uniambie mwenye makosa ni nani.

Mzee Yunus ni fundi mizani. Ile ya duara yenye mshale unayopimiwa sangara, ile ya sahani mbili ya dukani, ile ya jukwaa ya kupimia magunia viwandani, zote zinapita mikononi mwake. Kibanda chake kiko Nyakato, nyuma ya viwanda, mabati matatu na meza moja ya chuma. Ukimpelekea mizani inayodanganya hakuulizi imeanza lini. Anaifungua, anapiga picha kila springi ilivyokaa, ndipo anagusa. Miaka thelathini kazi yake ni hiyo moja, kuhakikisha kilo ni kilo.

Picha anapiga kwa simu yake ya njano. Aliinunua 2014, mpya, ndani ya boksi, na rangi alichagua mkewe Shamsa, ambaye sasa ni marehemu. Ukiiwasha inakuletea vigae vya rangi badala ya vile vipicha vidogo mlivyozoea. Si Android, si aifoni. Ilikuwa jamii ya tatu, na siku ile mwenye duka aliapa kwamba ndiyo hiyo inayokuja, hizo nyingine zitakufa. Haikuja. Wenye mfumo wakaona haulipi, wakaukunja, wakaondoka zao. Watu wakabaki na simu mikononi.

Simu yenyewe haikufa, na hapo ndipo panapouma. Vilivyokufa ni vitu vya ndani, kimoja kimoja. Ilianza programu ya benki. Ikafuata ramani. Halafu kigae cha hali ya hewa kikaganda, na mpaka leo kwenye simu ya Mzee Yunus Mwanza ni mawingu na nyuzi ishirini na saba, hata siku ambayo mawe ya Ilemela huwezi kuyakalia kwa joto. Duka la programu ukilifungua vinapita vidoti vitano, kushoto kwenda kulia, vinarudi, vinapita, mpaka uchoke wewe. Mwisho ikafika zamu ya wasap. Asubuhi moja ikamwandikia kwa adabu zote kwamba haitafanya kazi tena kwenye simu hii, asante kwa kuwa nasi.

Aliipeleka kwa mafundi simu Makoroboi. Fundi mmoja akaigeuza, akawaita wenzake waje waone.

"Mzee, hii ipeleke makumbusho ya Bujora. Watu watakuwa wanalipa kiingilio kuiona."

"Nimekuuliza wasap."

"Wasap ya hii hakuna, mzee. Siyo kwamba imeharibika. Hakuna anayeitengenezea."

Hilo lilimkaa kifuani. Yeye mtu akimletea mizani ya mkoloni anaitengenezea. Spea hakuna, anachonga. Sasa huyu anamwambia simu haina ugonjwa lakini haitatibiwa. Akarudi nayo Nyakato, akaendelea. Pesa anatuma kwa nyota na reli, luku ananunua kwa nyota na reli, salio anaangalia kwa nyota na reli. Wanaomtaka wanampigia.

Binti yake Raya, mtoto wake wa pekee, alishamwomba mara nyingi.

"Baba, nikununulie nyingine."

"Hii ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Watu ndiyo wamehama."

"Wangeniaga basi."

Raya ni fundi cherehani, anashona sare za shule Kiseke kwa cherehani ya kukodi. Mwaka huu akapata mchumba, Nurdin, fundi majokofu, kijana mtulivu, watu wake ni Wasukuma wa Magu. Mshenga wake alikuwa mjomba wake, Mzee Ngosha, mtu wa maneno mengi na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Siku ya kupanga mahari walikaa sebuleni kwa Mzee Yunus, soda mezani, na Mzee Ngosha akafungua mazungumzo kwa kusema kwao binti kama huyu angetajiwa ng'ombe.

"Mahari ni ya binti, siyo yangu," Mzee Yunus akasema. "Ameshataja. Msahafu na cherehani ya umeme. Sipunguzi, siongezi hata sindano."

"Sindano tutaleta wenyewe, mkwe," Mzee Ngosha akasema, na kicheko kikaenda mpaka kwa jirani. Wakashikana mikono. Ndoa itafungwa Ijumaa, baada ya swala, msikitini Kiseke.

Baada ya hapo likafunguliwa grupu. Likaitwa "Raya na Nurdin Inshallah", watu sitini na mmoja. Shangazi wa Raya anayeishi Ilemela, Sihaba, yumo. Binamu wa Nurdin aliyeko Muscat yumo. Mpika pilau yumo. Baba wa binti, yule ambaye bila yeye hakuna ndoa, hayumo. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Sihaba alimwahidi, "Kaka, mimi nitakuwa nakuambia," na wiki ya kwanza kweli alipiga kila jioni. Wiki ya pili akapiga mara mbili. Wiki ya tatu shughuli zikapamba moto, na nyie mnajua inavyokuwa: ukishaliandika jambo kwenye grupu, kichwani mwako umeshamwambia kila mtu.

Raya mwenyewe alikuwa ndani kwa Sihaba, kule Ilemela, anasingwa mwili kwa manukato, simu amenyang'anywa. Sihaba ni mtu wa taratibu. Bibi harusi haongei na simu siku tatu.

Alhamisi alasiri Mzee Yunus alikuwa kibandani anamalizia mizani ya muuza nyama. Simu ikalia mlio wa meseji. Namba ya Mzee Ngosha.

"Mkwe habari za saa hizi. Mahari imebadirika. Maerezo yote yako kwenye grupu. Samahani kwa usumbufu."

Akasoma. Akafuta kioo na kitambaa, akasoma tena. Mahari imebadilika. Siku moja kabla. Kwa meseji.

Usimcheke. Ukiwa baba wa binti, wiki ya ndoa, neno mahari likikuingia machoni halitoki. Na utaratibu wao uko wazi: jambo la ndoa linapita kwa mshenga, na mwenye binti hapigi simu kwa upande wa pili kuuliza. Anafuatwa. Wenye jambo wanavaa, wanakuja nyumbani, wanakaa, wanaeleza. Yeye hawezi kuanza kupiga, "Jamani, mbona mmepunguza?" Hiyo ni kujiweka sokoni.

Ila dada yake aliweza kumpigia. Akampigia.

"Sihaba, umesikia haya mabadiliko?"

"Nimesikia kaka. Yako kwenye grupu tangu mchana." Nyuma yake sufuria zinagongana, wanawake wanapiga kelele.

"Na umeyakubali?"

"Wote tumekubali. Tungefanyaje? Ndiyo imeshatokea."

"Na Raya?"

"Raya nimemwambia, kasema sawa tu. Kaka, ngoja kidogo, mchele unaungua huku."

Simu ikakatika. Mzee Yunus akabaki ameishika. Kwa hiyo wote. Watu sitini na mmoja walikaa mahali asipoweza kuingia, wakaipanga upya mahari ya mwanawe, mwanawe mwenyewe akasema sawa tu, na yeye akatumiwa meseji ya samahani kwa usumbufu. Ingekuwa kwamba cherehani imekosekana, wangekuja wakasema, angewaambia leteni mkipata, hana neno. Kilichomchoma ni kupitwa.

Akaandika maneno mawili, kidole kinabonyeza kwa nguvu kana kwamba kioo kina kosa.

"Mahari haibadiliki."

Akatuma. Haikujibiwa. Akasema kimoyomoyo, vizuri. Kama wali wa kuozesha binti ni grupu, likaozeshe grupu.

Asubuhi ya Ijumaa kanzu ilikuwa imepigwa pasi, imening'inizwa mlangoni. Akaipita. Akavaa suruali ya kazi yenye grisi, akaenda kufungua kibanda.

Pembeni ya kibanda chake yuko Selina, mama lishe, anauza chai na vitumbua kwa watu wa viwandani. Selina ni wa Magu. Herufi r kwake haina kazi kubwa, na hakuna wa Nyakato anayehangaika na hilo. Alipoona bati linafunguliwa aliacha vitumbua kwenye mafuta.

"Shikamoo, Mzee Yunusi."

"Marahaba."

"Si ulisema leo hapafunguliwi? Mimi nimenunua mpaka kitenge cha halusi."

"Kitenge hakiozi. Utakivaa siku nyingine."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nipe chai."

Selina hakutoa chai. Alisimama pale, mkono kiunoni, kijiko cha kugeuzia vitumbua kinadondosha mafuta.

"Mzee, mimi nimekaa na wewe hapa miaka sita. Siku mkeo amefaliki ulikuja kazini na uso huo huo. Sema."

Mzee Yunus hakuwa na nguvu ya kueleza. Akafungua meseji, akamsogezea simu. "Soma mwenyewe."

Selina akajifuta mikono kwenye khanga, akaishika simu kwa vidole viwili, akasoma kwa sauti, pole pole.

"Mkwe, habali za saa hizi. Mahali imebadilika. Maelezo yote yako kwenye glupu. Samahani kwa usumbufu." Akanyanyua kichwa. "Haya. Tatizo liko wapi?"

"Hujaliona?"

"Nimeliona. Mahali imebadilika. Si uende hiyo mahali mpya?"

Mzee Yunus akamtazama.

"Rudia."

"Mahali imebadilika."

"Selina. Hilo neno limeandikwaje?"

"Ma-ha-li."

"Ile herufi ya mwisho kabla ya i. Ni herufi gani?"

"Li," akasema Selina kwa uhakika kabisa, kidole chake kimekaa juu ya r.

Mzee Yunus akaweka tupa yake ya kuchongea mezani. Akachukua simu, akaisogeza karibu na macho. Maerezo. Imebadirika. Jana aliyaona hayo yote, akayapita kama makosa ya mzee anayeandika na kidole kimoja. Hakufikiria kwamba kama maelezo yamekuwa maerezo, na kubadilika kumekuwa kubadirika, basi hata hilo la kwanza nalo linaweza kuwa lilianza safari na l.

Mahali. Walikuwa wanamwambia msikiti umebadilika.

Na huyu ni mtu wa Mwanza. Mama yake Mkerewe, baba yake mtu wa Tabora, yeye kazaliwa mjini, miaka hamsini na saba anaishi na watu wanaosema halusi na kalibu na balabala. Mzee Ngosha angempigia, angesema mahali kwa mdomo wake, Mzee Yunus angeelewa kabla neno halijaisha. Sikio la mtu wa huku linarekebisha lenyewe, wala halikuambii kwamba limerekebisha. Jicho halina huo uzoefu. Jicho limeona r, limeamini r.

"Na wewe ulimjibu nini?" Selina akauliza.

"Nilimwambia mahari haibadiliki."

Selina akafunika mdomo na khanga. Mabega yakaanza kutikisika.

"Unacheka nini?"

"Umemwambia mahali haibadiliki."

"Nimemwambia mahari."

"Ndiyo. Mahali."

Mzee Yunus akakaa kwenye kigoda. Sasa ndiyo akaona shimo lote. Ilikuwa saa nne kasoro. Swala ya Ijumaa inaisha saa saba na kitu. Mahali pamebadilika, hajui ni wapi, na maelezo yako kwenye grupu. Akamjaribu Sihaba. Ikaita mpaka ikakata. Akajaribu tena, vile vile. Dada yake alikuwa na sufuria nne za pilau na simu iko chumbani chini ya magauni.

"Mpigie mshenga," Selina akasema.

"Mwenye binti hapigi."

"Halafu binti akose kuolewa kwa sababu baba yake hapigi?"

"Ni utaratibu, Selina."

"Sawa. Mimi sina binti. Nitajie namba."

Akachomoa kitochi chake, kisimu cha vitufe, kutoka kifuani, akabonyeza, akaweka sikioni. "Mwangaluka," akasalimia, na kuanzia hapo Mzee Yunus hakuambulia kitu, maana mazungumzo yalihamia Kisukuma. Kwanza waliulizana wa wapi. Halafu wa kwa nani. Halafu inaonekana walimpata mtu wanayemjua wote wawili, maana Selina alisikitika, akatikisa kichwa, kisha wakacheka. Vitumbua vikaungua. Mzee Yunus akanyanyuka, akavitoa mwenyewe kwa kijiko, akavipanga kwenye sinia, huku anasubiri kujua binti yake anaolewa wapi.

Hatimaye Selina akaziba kitochi kwa kiganja.

"Wako Kiseke."

"Si umesema mahali imebadilika?"

"Ilibadilika. Ikaludi. Wewe ndiye uliyeiludisha."

Ikawa hivi. Kule msikitini Kiseke mafundi wa marumaru walikuja kabla ya siku yao, Alhamisi asubuhi wakamwaga saruji sakafu nzima. Ndani huwezi kukanyaga. Upande wa bwana harusi ukatafuta msikiti mdogo Ilemela, karibu na kwa Sihaba. Mzee Ngosha akarekodi voisi ya dakika mbili, akaituma kwenye grupu pamoja na picha ya sakafu na lokesheni. Watu wote wakaelewa. Nurdin, ambaye taratibu zinamkataza kumwandikia baba mkwe jambo la ndoa, akamkumbusha mjomba, "Baba hayumo humu, mtumie meseji." Mzee Ngosha akatafuta herufi moja moja, akatuma. Likarudi jibu: mahali haibadiliki. Mzee Ngosha akaogopa. Mkwe mwenye maneno mawili tu, huyo si wa kubishana naye. Jioni ile ile wakaenda kumbembeleza imamu wa Kiseke, imamu akasema kwenye baraza pana nafasi, leteni turubai. Wakatangaza tena kwenye grupu. Ila grupu lilishafika meseji mia mbili kwa siku, wengine wakasoma la kwanza wakaishia hapo.

"Waambie nakuja," Mzee Yunus akasema.

"Waambie mwenyewe. Simu hii hapa, wala hujapiga wewe."

Akapokea kitochi.

"Mkwe," sauti ya Mzee Ngosha ikasema. Leo haikuwa na kicheko.

"Mkwe."

"Tumeludi Kiseke. Usikasilike, mkwe. Haikuwa dhalau, ni saluji tu ilitusumbua."

"Sijakasirika."

"Maana jana ulitujibu kwa ukali."

"Nilikuwa na kazi mkononi. Cherehani ipo?"

"Iko kwenye gali na msahafu. Na sindano pakiti nzima, si nilikuahidi? Kwani chelehani ina tatizo?"

"Haina. Nilikuwa nauliza tu."

Alirudi nyumbani kwa bodaboda, akajisugua mikono kwa omo mpaka ikabadilika rangi, grisi ikagoma kutoka kwenye kucha. Akavaa kanzu. Selina akafunga biashara yake, akavaa kitenge, akapanda bodaboda ya pili. Hakuna aliyemwalika rasmi na hakuna aliyemuuliza.

Kiseke walikuta turubai la buluu limefungwa kutoka barazani mpaka kwenye rundo la mifuko ya saruji. Mikeka imetandikwa juu ya mchanga. Nusu ya wageni wako hapo, nusu wako Ilemela wanauliza kwenye grupu mbona hakuna mtu. Nurdin amekaa mbele, macho mekundu. Alipomwona baba mkwe wake anavua viatu, alishusha pumzi ambayo hata imamu aliisikia.

Imamu akauliza mahari ni nini, ili mashahidi wasikie. Mzee Yunus akajibu kwa sauti ya mtu anayesoma mizani mbele ya mteja mbishi.

"Msahafu mmoja. Cherehani moja ya umeme. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na ndivyo ilivyoletwa."

Akaushika mkono wa Nurdin, akamwoza.

Pilau ya Sihaba ilipoletwa Kiseke, alimweleza Mzee Ngosha kila kitu. Aliona ni vibaya kula na mtu sinia moja na jambo limekaa tumboni. Mzee Ngosha alisikiliza mpaka mwisho, akaomba aoneshwe ile meseji, akaisoma, akasema, "Sasa si nimeandika vizuli? Mahali." Halafu kikatoka kile kicheko. Selina upande wa wanawake akakisikia, naye akaanza upya.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja zaidi wa kumweleza, na huyo hakumfuata kwa kicheko. Alasiri alikwenda Ilemela kwa Sihaba. Raya alikuwa amekaa kitandani, hina mpaka kwenye viwiko, simu yake amerudishiwa. Akainuka kumshika baba yake mkono, akakumbuka hina, akamwekea kichwa begani badala yake.

"Shangazi anasema asubuhi ulifungua kibanda."

"Nilifungua."

"Siku ya ndoa yangu, baba?"

Akamweleza. Alipofika kwenye lile la "Raya kasema sawa tu", akatazama mikono yake yenye grisi kwenye kucha. "Nikajua na wewe umo. Umebadilisha na hukuniambia."

Raya akanyanyua kichwa.

"Baba, mimi ningebadilisha mahari halafu nikutumie mtu? Ningekuja Nyakato kwa miguu."

"Sikujua mnasema nini huko ndani."

"Huko ndani hakuna kitu. Kuna picha za keki na watu wanasema mashallah." Akafungua grupu kwa kidole kimoja kisicho na hina, akalipandisha juu, juu zaidi, mpaka kwenye voisi ya Mzee Ngosha. Akaibonyeza. Sauti ikajaa chumbani: ndugu zangu, mahali imebadilika, hapa Kiseke pamemwagwa saluji. Mzee Yunus akaisikiliza yote, dakika mbili. Akamwomba airudie. Ilikuwa wazi kiasi hicho. Hata kiziwi wa Mwanza angeelewa.

Sihaba akaingia na sinia la juisi. "Umeona sasa, kaka? Wewe nunua simu tu, tupumzike."

"Simu ninayo."

"Hiyo?"

"Nilikupigia nayo asubuhi mara mbili. Iliita. Aliyekuwa hapatikani ni nani?"

Sihaba akaangalia sinia lake.

"Mwache, shangazi," Raya akasema. Akamgeukia baba yake. "Nikifika kwangu nikuambieje? Nikuandikie?"

"Usiniandikie," Mzee Yunus akasema. "Nipigie, nikusikie."

Nimekueleza yote, na hukumu ni yako. Mimi nina ombi moja, na nataka ulifanye sasa hivi, kabla hujapitia habari nyingine. Fungua grupu kubwa la familia yenu. Pitia majina, mtafute asiyekuwemo. Yupo. Ana simu ya vigae, au kitochi, au ya zamani iliyokataliwa na kila programu, na hajakulalamikia kwa sababu hajui mmesema nini. Mpigie. Mwambie kwa mdomo wako kuna nini, ni wapi, ni saa ngapi. Akikuambia rudia, rudia.